Mama Mkwe wa Getini Nakasero

Ukitaka kuijua tabia ya mtu, usihangaike kumwalika chakula. Mpeleke soko la Owino, Kampala, siku ya Jumamosi umwache achague viatu. Kuna anayeshika kila kiatu na kukirudisha, kuna anayenunua cha kwanza akajuta kabla hajafika barabarani, na kuna watu kama Vera Nabangala, ambao wakishaamua kwamba kitu ni chao, hata mvua ya mawe haiwatoi hapo.

Siku hiyo Vera alivaa gauni la kitenge, rangi ya ndizi mbivu, limembana kiunoni likamwachia magotini. Nywele alisuka mistari myembamba, imenyooka kama matuta ya shamba la mtu mwenye bidii. Jumatatu alikuwa anaanza kazi kwenye saiti ya jengo refu pale Nakasero, na aliambiwa wazi kwamba bila buti la kazi, lile lenye chuma mbele, hata awe nani havuki geti. Ndiyo maana alikuwa ameinama kwenye rundo la Maimunah, Mnubi muuza mitumba mwenye ulimi usiopumzika. Alikuwa amepata buti la kulia, dogo, ngozi haijachanika. La kushoto likawa halionekani. Akainua macho, akaliona. Lilikuwa mkononi mwa mwanaume.

"Hilo ni langu," Vera akasema.

"Na hilo ulilolikumbatia ni langu," mwanaume akajibu, wala hakuonekana kuwa na haraka.

Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikono ina makali. Mabega yake yalikuwa ya mtu aliyezoea vyuma. Lakini Vera aliposhusha macho hadi chini, alikuta miguu midogo, imejikunja kwa adabu ndani ya ndala.

"Mwanaume mzima na miguu ya bibi harusi," akasema.

"Ndiyo inayonilisha, dada. Ninapopita mimi, paka hufikiri mara mbili."

Maimunah akawaambia wakubaliane wenyewe, yeye hauzi mguu mmoja; na kama hawawezi kukubaliana, basi waoane wavae kwa zamu. Meza za jirani zikacheka. Yule mwanaume akasema ataliachia buti iwapo atapewa namba ya simu. Vera akamjibu kwamba namba yake haibadilishwi na kiatu, tena cha mtumba. Mwanaume akamtazama, akaliweka buti la kushoto juu ya la kulia mikononi mwa Vera, akasema, "Basi chukua bure. Mimi Nashon Oyugi." Akaondoka bila kugeuka nyuma. Hilo la kutogeuka ndilo lililomkera Vera njia nzima hadi Mbuya, alikokuwa amepanga chumba.

Haya, Jumatatu ikafika. Kazi aliyopewa Vera ilikuwa ya getini, lakini si ya kufungua na kufunga. Aliwekwa mbele ya kompyuta yenye programu inayomjua kila mfanyakazi: amefundishwa nini, nani alimpima, na lini anatakiwa kupimwa tena. Zamani mtu alifika saiti akasema mimi ni fundi wa kazi za juu, akapanda; kama alisema uongo, ardhi ndiyo iliyomsahihisha. Sasa kila mtu alikuwa na kadi. Akiigusisha kwenye kisanduku cha getini, taa inawaka. Kijani, panda hadi kazi yako inapoishia. Njano, fanya kazi za chini, na awepo wa kukusimamia. Nyekundu, rudi nyumbani ukalale. Wafanyakazi wakaipa mashine ile jina la Mama Mkwe, kwa sababu inauliza kila kitu na hairidhiki upesi. Asubuhi ungesikia mtu akimwambia mwenzake, "Pole sana, naona leo Mama Mkwe kakukataa," na foleni nzima ikaangua kicheko.

Katika foleni ya wageni wa siku hiyo, wa katikati alikuwa Nashon.

"Jina," Vera akasema, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Unalijua."

"Mashine hailijui."

Akalitaja. Akataja kwao, Kisumu, akataja kazi yake, fundi wa skafoldi, yale majukwaa ya vyuma yanayolizunguka jengo linapojengwa. Yote Vera aliyaingiza kwa uso wa hakimu. Kisha akafika mahali ambapo programu haikumpa njia ya kupita.

"Namba ya simu."

Nashon akavua helmeti ili acheke vizuri. "Jumamosi niliomba namba nikanyimwa. Leo aliyeninyima ndiye anayeniomba."

"Siombi mimi. Anaomba Mama Mkwe."

"Basi mwambie Mama Mkwe apige jioni, nitakuwa nimeshaoga."

Jioni Mama Mkwe hakupiga. Kesho yake Nashon alipofika getini aliinamia kompyuta, akaiuliza kwa upole kama imeishiwa salio. Vera akauma mdomo asicheke. Jioni iliyofuata Vera akajisingizia kuumwa kichwa, akajilaza kitandani, akaitazama simu kama mtu anayetazama sufuria aone kama itachemka. Hatimaye akapiga.

Nashon hakusema haloo. Alisema, "Kitendawili."

"Tega," Vera akajibu, kabla hajakumbuka kwamba alikusudia kuwa mkali.

"Navaa chuma nikiwa mtoto, nikiwa mtu mzima navuliwa."

Vera akajaribu mfungwa, akajaribu ng'ombe wa kukokota jembe, akashindwa. "Nipe mji," Nashon akadai, kama desturi ya vitendawili inavyotaka. Vera akampa Mbuya. Nashon akashusha pumzi. "Nimekwenda Mbuya, nimekuta mlango umefungwa na mwenyewe yuko ndani anaringa. Jibu ni jengo. Likiwa linakua tunalivisha skafoldi, likishakua tunaivua."

Na Vera naye akamtegea: "Anamjua kila mtu, hajawahi kumsalimia hata mmoja." Nashon alilijua jibu, kwani alipita mbele yake kila asubuhi, lakini alijifanya hajui ili aombwe mji, akatoa Kisumu yote na samaki wake.

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Mapenzi ya mjini hayana mto wa kuchotea maji; hupata nafasi kati ya simu na foleni. Mchana walikula pamoja kwa Akot, mwanamke wa kabila la Lango aliyepika chakula cha wafanyakazi nje ya geti na ambaye mumewe, Ongom, alikuwa kikosi kimoja na Nashon. Jumapili Nashon alivaa lile shati la makali, wakatembea mjini mguu kwa mguu. Alimwita Vera jaber, mrembo kwa Kijaluo, naye alimwita "wewe Mjaluo" kwa sauti iliyomfanya aitike kama ameitwa mfalme. Nashon alisema Waluhya, watu wa kina Vera, huhesabu kuku wa mwenyeji kabla ya kumsalimu mwenyeji. Vera akasema Mjaluo hununua miwani ya jua kabla ya kununua godoro. Nashon akakiri kwamba miwani anayo.

Lakini kila chungu kina upande unaokalia moto. Vera alikuwa na kaka, Travis, aliyeanguka kutoka ghorofani Eldoret, miaka ambayo Vera alikuwa bado anavaa sare ya shule. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kufunga mkanda wa usalama. Alipewa tu, akauzungusha kiunoni kama pambo. Travis hakufa. Yuko kwao Busia, anatembea kwa magongo, anafuga bata. Ajali hiyo ndiyo iliyomfanya Vera asomee kazi ya kompyuta na kuitafuta saiti yenye programu ile. Hili hakumwambia Nashon. Kila alipotaka kuanza, ulimi ulikwama, kwa sababu Nashon alipozungumzia kazi za juu uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyeahidiwa safari.

Nashon alikuwa na kadi ya njano. Ujuzi alikuwa nao tele, ila hakuwa amepimwa kwa utaratibu wa saiti ile. Akahudhuria mafunzo pamoja na Ongom na wengine, na Ijumaa moja Injinia Faustino, mzee wa Masaka aliyesimamia usalama, akawapima. Vera alitoka getini kutazama. Upepo ulikuwa unavuma, turubai zinapiga makofi. Nashon alipita juu ya mbao nyembamba, mkanda umefungwa sawasawa, hatua zake laini kweli kama alivyojisifu. Alipofika mwisho akageuka, akamwona Vera kule chini kama punje, akaachia chuma, akampungia mkono.

Vera hakupunga. Macho yake yalibaki kwenye ule mkono ulioachia chuma.

Jioni Faustino akamletea matokeo, akamwambia wote wamepita na Nashon amewapita wote, ayaingize kwenye mashine. Aliongeza kwamba kikosi cha ghorofa za juu kinahitaji kiongozi, mtu wa kukagua vifungo vya skafoldi kila asubuhi kabla mwingine hajapanda, na kadi ya kijani ikishatoka, kazi hiyo ni ya Nashon. Vera akaingiza jina la Ongom. Akaingiza la wengine. Alipofika kwa Oyugi, kidole kikakataa. Alijiambia, ngoja huu upepo upite. Alijiambia, Jumatatu. Akazima kompyuta akaenda nyumbani.

Jumatatu taa ya Ongom iliwaka kijani, watu wakapiga mbinja. Ya Nashon ikawaka njano.

"Mama Mkwe anasemaje?" Nashon akauliza, bado anacheka.

"Mtandao unasumbua. Subiri kidogo."

Kesho yake akasema matokeo mengine hayajafika. Siku iliyofuata hakusema kitu, na Nashon hakuuliza. Kazi ya kiongozi ikaachwa wazi, Ongom akaambiwa aishikilie kwa muda huku akifanya na yake. Watu wa foleni, ambao midomo yao haikufundishwa utaratibu wowote, wakaanza kumwita Nashon fundi wa chini. Ongom mwenyewe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala kabisa, akamuuliza bila ubaya, "Wewe kweli nashindwa mtihani? Mimi napita, wewe nashindwa?" Nashon akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Simu za jioni zikapungua maneno. Vitendawili vikaisha. Mwanaume akiaibika mbele ya wenzake husema amechoka, na Nashon alisema amechoka kila siku.

Mwisho akaenda kwa Faustino mwenyewe kuomba apimwe upya. Mzee, aliyedhani ni mtandao tu unaochelewesha kadi, akamshangaa. Upya kwa nini, na yeye ndiye aliyewapita wote? Matokeo alimkabidhi Vera siku ileile. Alitaka kumpigia Vera hapohapo, lakini Nashon akamwomba amwachie, atauliza mwenyewe.

Alifika getini mchana, geti limetulia, Akot tu anaosha sahani karibu.

"Vera. Mtandao ulikuwa unasumbua?"

Vera akamtazama mara moja tu, akajua.

"Nijibu. Nilipita au sikupita?"

"Ulipita."

"Na ukaninyamazia. Wenzangu wananicheka, ninakuja kwako ninakuambia nimechoka, na wewe unaniambia pole." Sauti yake ilikuwa ya chini, na Vera angeona nafuu kama angepiga kelele. "Ulitazama ile siku ukaona siwezi. Ungeniambia tu. Injinia ameniona ninaweza, wewe peke yako ndiye uliyeona siwezi."

Vera alitaka kusema Travis. Alitaka kusema Eldoret. Alichosema ni, "Sivyo, Nashon."

"Kisumu kuna kazi nimeitiwa," Nashon akasema. "Bonyeza, usibonyeze, mimi mwisho wa wiki naondoka."

Akaondoka. Safari hii pia hakugeuka.

Siku mbili Vera alikaa mbele ya mashine bila kubonyeza, kama mtu aliyefiwa na asiyeweza kutangaza msiba. Ya tatu, asubuhi, kule juu kifungo kimoja kililegea, mbao ikatikisika, Ongom akateleza. Mkanda ulimshika. Alishuka mwenyewe, hakuumia zaidi ya kuchubuka kiwiko, akaketi kwenye ndoo kwa mkewe, akaomba maji. Alisema kifungo kile hakukikagua. Vilikuwa vingi, na yeye ana mikono miwili tu.

Akot alimpa mumewe maji, akamfuta kiwiko, akamwambia apumzike. Kisha akaja getini huku akijipangusa mikono kwenye aproni. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mdogo wangu, juzi niliwasikia, nikanyamaza kwa sababu ya wapendanao hayanihusu. Leo yananihusu. Wako umemweka chini. Wangu yuko juu."

Vera aliinuka akaenda ofisini kwa Faustino, akasema yote akiwa amesimama: kidole kilichokataa, uongo wa mtandao, na Travis. Alipomaliza, Faustino alivua miwani yake.

"Nyabo," akasema, yaani bibie kwa Kiganda, "mashine hii haina macho. Macho yake ni wewe. Ukiidanganya kwa chuki au kwa mapenzi, yenyewe haijui tofauti, na walio juu hawajui kama wamedanganywa."

Akamwamuru aingize matokeo pale pale, mbele yake. Vera akabonyeza. Ilikuwa kazi ya kupepesa jicho, na ilimtoa jasho. Kisha Faustino akamwondoa getini. Hatamfukuza, alisema, lakini Vera hatairudia kompyuta mpaka ahudhurie yale mafunzo ya kazi za juu pamoja na wafanyakazi, apande na apimwe, ajue anachokiandika. Na kwa kuwa kikosi cha juu sasa kina kiongozi, kiongozi huyo ndiye atakayempandisha. Simu ya kumwita Nashon aliipiga Faustino mwenyewe. Nashon alijibu kwamba begi liko mlangoni. Mzee akamwambia begi linaweza kukaa mlangoni, halina miguu.

Walikutana chini ya skafoldi. Vera alikuwa amevaa suruali ya kazi iliyomzidi, kizibao cha manjano kinachong'aa, na helmeti iliyozibana zile nywele zake. Alionekana kama mtoto aliyevishwa nguo za baba. Nashon hakucheka. Alimkagua mkanda kamba kwa kamba, kama angemkagua mtu yeyote, akamwambia sheria ni moja: ndoano kwanza, mguu baadaye.

Wakapanda. Ndoano, mguu. Ndoano, mguu. Kampala ikajitandaza chini yao, mabati, minara ya misikiti na makanisa, boda zinapita kama siafu. Walipofika ghorofa ya nne upepo ukawakuta. Vera akakumbatia chuma kwa mikono miwili, akafumba macho, na humohumo gizani akaanza kusimulia. Alisimulia sare ya shule, na simu iliyopigwa kwa jirani, na mama yake aliyekimbia bila viatu. Alisimulia mkono aliopungiwa ile Ijumaa.

"Sikuona kwamba huwezi," akasema. "Niliona kwamba unaweza, na kwamba utakuwa huku kila siku, na mimi kila siku ndiye nitakayekufungulia."

Nashon alikagua kifungo ambacho hakikuhitaji kukaguliwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungepanda ukiwa unanifikiria mimi. Mtu wa huku anatakiwa afikirie miguu yake."

"Sasa umeniambia."

"Sasa nimekosa pa kukimbilia."

Hapo Nashon akacheka, kicheko kile cha zamani, kilichofika machoni. Akasogea, akajifunga ndoano karibu na yake.

"Jaber, unajua ile kazi ya kiongozi nilikuwa naitakia nini? Nilikuwa nimejiapiza kwamba nikishapewa kikosi, ninakwenda Busia kwa wazee wako. Nilitaka nikifika niwe mtu wa kutajika. Zile siku zote ulizoniweka njano, ulikuwa unajifungia mlango mwenyewe."

Vera akafumbua macho. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Naomba nije," Nashon akasema. "Kwa wazee. Nikuoe."

"Nishushe kwanza," Vera akasema. "Mambo kama haya siyajibu nikiwa nimeshika chuma."

Akashushwa. Chini hakujibu pia, alisema magoti bado yako ghorofa ya nne. Jioni Nashon akapiga simu, akaambiwa anayemposa anahudhuria mafunzo, asisumbuliwe. Hivyo ndivyo alivyomzungusha hadi alipopimwa, na Faustino akampa alama ya kupita, si kubwa, lakini yake mwenyewe.

Asubuhi aliyorudi kwenye kompyuta kulikuwa na upepo. Turubai zilipiga makofi, vumbi la saruji likazunguka getini, foleni imejikunyata. Nashon akafika, akaigusisha kadi. Taa ikawaka kijani. Ili geti lifunguke ilikuwa bado Vera abonyeze upande wake, na kwa kitambo kidogo hakubonyeza. Alimtazama mkanda, alitazama juu kule turubai zilipokuwa zinapigwa, kisha akamtazama usoni.

Akabonyeza.

"Pita," akasema. "Na Jumamosi mfike Busia mapema, baba hapokei wageni wa posa gizani. Usije peke yako, tafuta mzee wa kukusemea. Travis naye anakungoja, anataka umwonyeshe mkanda unavyofungwa."

Nashon alisimama katikati ya geti kama mtu aliyesahau anakokwenda, hadi Ongom akamsukuma mgongoni, akamwambia watu wengine nao wana kazi. Akapita. Vera alimfuata kwa macho mpaka ngazi ya kwanza, akamwona akifunga ndoano, kisha akairudia kompyuta yake.

"Anayefuata," akasema.